Kwa Bi Khulud, Aliyebeba Kosa Lisilo Lake

Mwaka mmoja umetimia sasa, Khulud, tangu Alhamisi ile jeneza lako lilipotoka katika nyumba hii ya Tandika na sisi tukabaki mlangoni tumeshikana mikono. Watoto wanasema ni kama jana. Mwenzio Somoe hasemi hivyo. Yeye mwaka huu ameuona mrefu, kwa sababu kila akiteleka mkate wa kumimina husubiri mtu aje kuufunua kabla haujaiva, na hatokei mtu. Hukuweza kungoja hata siku moja. "Nauchungulia tu, bi mkubwa, siugusi," ulisema, na mkate ukibonyea katikati ulidai ni makosa ya mkaa wa siku hizi.

Ulikuwa mtu wa kazi na mtu wa watu. Ulipikia shughuli kuanzia Mtoni mpaka Mbagala, na katika kila shughuli ulibakiza sahani ya jirani ambaye hakualikwa, maana, kwa maneno yako, harufu ya pilau haimwulizi mtu kama ana kadi. Kila mtu ulimwita mwanangu, hata muuza maji aliyekuzidi umri. Miwani yako uliifunga uzi shingoni, na bado ukaitafuta nyumba nzima.

Sheikh wetu ametukumbusha kwamba dua haina siku maalumu, wala maiti hangoji mwaka utimie ndipo aombewe. Tunalijua hilo, na tumekuombea kila siku. Lakini mwaka huu tuna neno ambalo haliishii kwenye dua. Linataka watu walisikie, na mwenzio ameona akichelewa nalo tena atakwenda kujibu mbele ya Mola wake.

Baada ya Idi, watu wa Kinondoni walileta posa ya binti yako Yumna. Kijana ni Nawaf, unamjua. Ulimpenda kwa sababu alikula sambusa zako nane bila kuona haya. Tuliwapokea vizuri, wakaondoka wakisema watarudi baada ya wiki mbili. Ukapita mwezi. Ndipo wifi yenu Samiha, dada yake marehemu mume wenu Hamoud, akaja na maneno. Bibi yake Nawaf, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo wao, amekataa. Amesema hawezi kumwingiza nyumbani binti wa mwanamke ambaye hakuwepo kumzika mume wake. Mama alipuuza simu ya msiba, akasema, binti naye atapuuza simu ya nani?

Samiha alilisema hilo akinywa chai, bila ubaya wowote. Kwake lilikuwa jambo la zamani ambalo kila mtu analijua. Somoe aliweka birika chini. Waliokuwa wakiujua ukweli wake ni watu wawili tu, na mmoja yuko kaburini.

Kwa wasiowafahamu, wewe na Somoe mliolewa na mume mmoja, marehemu Hamoud, aliyekuwa na duka la vyombo hapa Tandika. Somoe ndiye bi mkubwa, akikaa hapa na mwanawe Muntasir. Wewe ulikuwa bi mdogo, ukikaa Chanika na Yumna, kwenye nyumba ambayo ujenzi wake haukuwa umekwisha. Hamoud aligawa siku zake, tatu huku na tatu kule, na zamu ilibadilika alasiri.

Miaka tisa mlikuwa wake wenza, na hamkuwahi kula sinia moja. Somoe hakukutukana hata siku moja. Alihesabu tu. Alijua Idi ipi ilisherehekewa wapi, na alijua Hamoud amechelewa dakika ngapi kutoka kwako. Ni mtu wa swala tano, wa funga za Jumatatu na Alhamisi, lakini kwenye habari yako moyo wake ulikuwa jiwe, na hilo analisema mwenyewe.

Asubuhi ile Hamoud alisali alfajiri, akarudi kitandani akisema kifua kinambana, na kabla jua halijatoka alikuwa amefika kwa Mola wake. Ilikuwa siku ya kubadilisha zamu. Alasiri alikuwa aje kwako. Nyumba ikajaa majirani na ndugu, na Samiha akamwuliza Somoe, mbele ya watu, kama Khulud ameshapewa taarifa.

"Nimempigia, hapokei," Somoe akasema. "Naendelea kumtafuta."

Hakupiga. Hakupiga hata mara moja. Simu alikuwa nayo mkononi, jina lako analiona, na kidole hakikwenda. Hakuwa amepanga. Alijiambia atakaa na Hamoud peke yake kidogo tu, kisha atapiga. Kwa miaka tisa alikuwa akimsindikiza mlangoni kila zamu inapokwisha, na siku ile alitaka asimsindikize. Kwa kuwa kila mtu alijua bi mkubwa anashughulikia, hakuna mwingine aliyepiga. Na sie maiti hatumcheleweshi. Akaoshwa, akavishwa sanda, wanawake wakamtazama uso na kumwombea, na baada ya swala ya adhuhuri wanaume wakambeba.

Wewe ulikuwa Chanika, nyuma ya nyumba, unamwagilia mchicha pamoja na Yumna, mtoto wa miaka minane. Simu ikalia. Alikuwa jirani wa Hamoud pale dukani, anakupa pole, akidhani habari unazo. Ulifika hapa saa tisa kasoro, miguu ina tope, na wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini wananawa.

Samiha alikupokea kwa ukali. Msiba ulikuwa umemchanganya.

"Ulikuwa wapi weye? Mwenzio anakupigia toka asubuhi."

Uliitazama simu yako. Kisha ukamtazama Somoe, aliyekuwa ameegemea ukuta, kanga imemfunika mpaka karibu na macho. Alijua kwamba umejua. Alikuwa anangoja tu useme.

"Simu yangu ilizima chaji, wifi," ukasema. "Kosa langu."

Halafu ukakaa chini kando yake, ukalia. Hakuna aliyeuliza, kama simu ilizima, habari ulizipata wapi. Watu waliondoka na neno moja, kwamba bi mdogo wa Hamoud hakumzika mume wake. Kwa miaka kumi na nne neno hilo limetembea, na wewe hukulisahihisha. Ukiulizwa ulisema ni kweli, ulikuwa mzembe, Mungu akusamehe.

Ikaja eda. Nyumba ya Chanika haikuwa na mlango wa nyuma, na madirisha yalikuwa mbao za kugongea tu. Sheikh akaulizwa. Akasema mjane hukaa eda nyumbani kwake, lakini penye hofu ya kweli ahamie kwenye usalama. Ndugu wakaamua wajane wote wawili mkae Tandika. Somoe hakuweza kukataa. Angekataa kwa sababu gani? Miezi minne na siku kumi, wanawake wawili ambao hawajawahi kupikiana hata chai, chumba kimoja, na hakuna pa kutokea.

Mwenzio ni mtu wa kutazama. Alikutazama akingoja siku utakayolitoa lile neno, labda kwa hasira, labda kwa kumtisha tu. Alifikia hata kukuchokoza. Alikuambia kwamba unakoroma.

"Basi ndiyo maana marehemu alikuwaga anawahi kurudi kwako," ukamjibu.

Akacheka, mjane wa wiki tatu, akajiziba mdomo kwa kanga. Alikasirika siku nzima kwa sababu umemchekesha.

Kesho yake baada ya arobaini, wageni wameshaondoka, mlikuwa mnachambua mchele. Aliyeshindwa kungoja ni yeye. Akakuuliza bila kuinua uso:

"Kwa nini hukusema?"

Ulitoa chuya mbili tatu kwanza.

"Umefiwa asubuhi, bi mkubwa. Nikufedheheshe alasiri?"

Akasema ulikuwa na haki ya kumwona.

"Nilikuwa nayo. Iliniuma na inaniuma, sitakudanganya. Lakini nilipokuona pale ukutani niliona mtu aliyempenda Hamoud kama nilivyompenda mie. Katika mji wote huu, nimlilie na nani mwingine?"

Akakuomba radhi, ukampa. Kisha ukamtaka aahidi kutomwambia mtu yeyote. Akisema, ulimweleza, watu watakuhurumia wewe na kumchukia yeye, na nyote mnakaa nyumba moja na watoto wenu ni ndugu. Yaishe. Akaahidi.

Eda ilipokwisha Samiha alileta gari la kubeba vitu vyako kuvirudisha Chanika. Somoe alitoka nje akamwambia dereva ageuze. Watu wakashangaa, wake wenza hawa wameanza kupendana mume ameshakufa. Jibu ulikuwa nalo: "Tugombane, tumgombanie nani? Zamu zote kachukua Mola."

Miaka kumi na tatu mmekaa hivyo. Mapenzi yako yalimgeuza mwenzio, na hatusemi kwa kupamba. Aliyekuwa akihesabu aliacha kuhesabu. Aliyekuwa hampi mtu mwiko wake alikupa jiko zima. Yasini alikuwa akiijua kwa sikio tu, na wewe ukamfundisha kuisoma kwa macho, herufi kwa herufi, ukimpiga kofi la mkono akiruka mstari. Alipata binti ambaye hakumzaa. Sukari ilipokuzidi, Somoe wa darasa la saba alijifunza kusoma namba za kipimo na kukuchoma sindano asubuhi na jioni, na mara zote ulipiga kelele kabla sindano haijakugusa. Ulipofariki, aliyekuosha ni yeye. Aliwapigia simu ndugu zako wote mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa Tanga, mpaka wa Muscat. Muntasir alitaka kumsaidia, akamkatalia. Hatukuelewa kwa nini. Sasa tunaelewa.

Lakini ile ahadi ilimuumiza mtu mwingine.

Yumna alikuwa na miaka kumi na sita. Mlikuwa mmezozana kuhusu safari ya shule, na maneno yakapanda. Akakuambia: "Simu haikuzima, mama. Mie nilikuwepo, niliiona inawaka. Waliposema wanakupigia ulikuwa unaziona simu zao, ukapuuza. Ulimpuuza baba."

Uliendelea kukata vitunguu. Ukasema alikuwa mdogo, atakumbuka nini.

Somoe alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Neno moja lingetosha. Akapita na sinia lake.

Hapo, Khulud, ndipo mwenzio anapopaona pabaya kuliko siku ya msiba. Siku ya msiba alikuwa na uchungu. Siku ya vitunguu alikuwa na woga tu. Yumna alikuwa ameshamzoea, anamwita mama mkubwa kwa sauti ambayo mtu humwita mama yake, na Somoe aliogopa kuipoteza sauti hiyo. Akaacha mtoto akue akidhani mama yake ni mwongo.

Kwa hiyo Samiha alipoleta maneno ya Kinondoni, Somoe alimwambia Muntasir kwanza. Muntasir alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, hiyo ishu imeshapita. Mungu kakusitiri, mama mdogo kakusitiri, ya nini kujivua mwenyewe? Hao wazee wa Kinondoni tutaongea nao kwa njia nyingine." Hakuwa na ushauri mbaya. Dini yenyewe inatukataza kutangaza dhambi ambazo Mungu amezifunika. Somoe alikaa na maneno hayo siku mbili, akasali, akamrudia mwanawe.

"Shuka alilonifunika nimelivuta mpaka yeye kabaki wazi," akamwambia. "Hiyo si sitara tena, mwanangu."

Ijumaa, baada ya swala, alimwita Yumna chumbani. Alijua anachoweza kukipoteza. Hana binti mwingine. Alimwambia yote bila kujipunguzia, na habari ya siku ya vitunguu pia akamwambia. Yumna hakulia. Alikaa kitandani ameshika ncha ya mto, akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo alijua namwona mwongo, akaniacha hivyohivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu," Somoe akasema.

Yumna akatoka. Siku nne hakula chakula cha mkono wa mwenzio. Alijipikia chake, akaosha sufuria yake, asubuhi akasema shikamoo na hakuongeza neno. Somoe hakumfuata wala hakumtuma Muntasir ambembeleze. Alimwachia Mungu na akaendelea kuteleka chungu cha watu wote kama kawaida, na kila mchana fungu la Yumna likabaki palepale limefunikwa kawa.

Siku ya tano Yumna aliingia jikoni na simu yake. Akasema amefikiri. Tukienda Kinondoni kueleza, watasikia watu watano sebuleni, na neno lile limeshafika kwa watu ambao hata hatuwajui. Anataka lisomwe.

"Liandike, mama mkubwa, mie nitaliingiza kwenye simu tulipeleke gazetini. Usimpambe mama, na wewe usijipake matope. Liandike kama lilivyokuwa."

Somoe akauliza, na posa je? Ukoo ule ukisoma habari kama hii ya nyumba yetu, si ndiyo watakimbia kabisa?

"Wakisoma wakaja, karibu. Wasipokuja, basi hawakuwa wananiposa mie. Walikuwa wanaposa maneno ya watu."

Umemzaa huyo, Khulud. Hakuna haja ya kuuliza katoa wapi.

Basi ndugu, jamaa, majirani wa Tandika na wa Chanika, nanyi watu wa Kinondoni, sikieni. Siku aliyofariki Hamoud, Khulud hakupigiwa simu. Hakumpuuza mume wake. Alikuja mbio mara tu alipopata habari, na aliponyimwa kumwona mara ya mwisho alimfunika yule aliyemnyima, akaendelea kumfunika mpaka yeye mwenyewe alipoingia kaburini. Aliyewahi kumsema kwa hilo alimsema kwa uongo wa mtu mwingine, na mtu huyo ni Somoe, mjane mwenziwe, anayeandika haya akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu. Wifi Samiha ameshaambiwa. Amelia sana, na ameomba naye atajwe kati ya wanaokutaka radhi.

Mwenzio amevunja ahadi uliyomwekesha siku ile ya mchele. Anakuomba radhi kwa kuivunja, na hajutii. Mola akukutanishe na Hamoud, akupe kwa rehema yake kila ulichonyimwa hapa duniani, na akifanyie wepesi kitanda chako cha udongo. Amin.

Somoe alipoandika majina ya wanaokukumbuka alijiweka wa mwisho, chini ya majirani. Yumna aliyaingiza kwenye simu yake moja moja, na alipomaliza akalitoa jina hilo chini akalipandisha. Somoe akamwambia amekosea. Yumna akasema hakukosea, akaweka simu mezani, akafunua chungu, akapakua.

Majina yamebaki hivi:

Mwenzio Somoe.
Binti yako Yumna Hamoud.
Mwanao Muntasir Hamoud, mkewe na watoto wao.
Wifi yako Samiha.
Ndugu zako wa Tanga na Muscat.
Majirani wote wa Tandika na Chanika uliowabakizia sahani.

Hatuna siku ya kukusahau, Khulud.